Taa nyekundu ya miksa ilitoka wapi? Historia ya jeki, desibeli na sifuri

Leo tuweke kando lugha za programu tuongee kuhusu kifaa ambacho karibu kila mmoja wetu amekiona na wachache sana wamekielewa: miksa ya sauti. Ni ile meza yenye vitufe vingi vya kuzungusha inayokaa nyuma ya kanisa, kando ya jukwaa la harusi au kwenye kona ya studio ndogo mtaani. Watu huchomeka maikrofoni, kinanda na gitaa, wakasukuma vitelezi juu, halafu wakaanza kubahatisha. Kinanda kinakwaruza. Maikrofoni ya mhubiri inavuma kama mvua kwenye mabati. Mmoja anasema ongeza, mwingine anasema punguza, na fundi anahangaika na kitelezi ambacho hakina kosa lolote.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Nikikutana na mfumo wenye tabia za ajabu, swali langu la kwanza huwa: nani aliuandika, na alikuwa anatatua shida gani? Mara nyingi ule ujinga unaouona una sababu nzuri ya miaka mingi iliyopita. Miksa ni hivyo hivyo. Kila tundu na kila namba iliyochapishwa pale ni uamuzi wa mtu fulani aliyekuwa na shida fulani, na wengi wao hawakuwa wanamuziki. Walikuwa watu wa simu. Ukijua walikuwa wanafanya nini, kuweka viwango vya sauti kunaacha kuwa uganga.

Tuanze na tundu lenyewe, lile la duara linaloingia plagi ya gitaa, upana wake milimita 6.35, yaani robo inchi. Mnamo Januari 1878 kituo cha kwanza cha simu cha biashara kilifunguliwa mjini New Haven, Connecticut, Marekani. Simu za siku hizo ziliunganishwa kwa mkono: opereta alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi na kumuunganisha mteja huyu na yule. Mwaka huo huo Charles Scribner, kijana wa Chicago, aliomba hataza ya swichi yenye chuma cha springi kilichofanana na kisu cha kukunja, na jina la kisu hicho kwa Kiingereza ndilo lililozaa neno jeki. Plagi ya robo inchi ilikomaa kwenye mbao hizo za simu. Hata maneno ambayo mafundi hutumia kwa sehemu zake, ncha, pete na shina, ni ya watu wa simu, ambao waliita nyaya mbili za laini ya mteja "ncha" na "pete" kwa kufuata plagi ya opereta.

Baadaye plagi ile ile ilichukuliwa na kila mtu. Spika za masikioni zikaitumia, magitaa ya umeme yakaitumia, vinanda, amplifaya, hata njia ya kupelekea umeme mzito kwenye spika kubwa. Tundu moja, kazi tano. Kwa wale mnaoandika programu, jeki ni kama kigeu ambacho hakijatangaziwa aina: kinapokea chochote, hakilalamiki, na makosa unayaona baadaye. Umbo la plagi halikuambii kama ndani yake kuna sehemu ya kumi ya volti moja au volti thelathini. Hapo ndipo matatizo ya miksa huanzia, kwa hiyo usiniulize kwa nini narudi nyuma sana.

Sasa desibeli. Kampuni za simu zilikuwa na shida rahisi kueleza: sauti inafifia njiani. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo sauti inavyopungua. Kwa hiyo kipimo chao cha kwanza kilikuwa maili! Kweli kabisa, walihesabu upotevu wa sauti kwa "maili za kebo ya kawaida". Kifaa chochote kilichopunguza sauti kilisemekana kina maili kadhaa, hata kama kilikuwa kinatosha kiganjani. Kipimo hicho kilipendwa kwa sababu maili moja ya kebo hiyo ilipunguza sauti kwa kiasi kidogo ambacho sikio la mtu lingeweza tu kukitambua. Mwaka 1924 wahandisi wa Bell walikibadilisha kwa kipimo safi cha kihesabu kilichojengwa juu ya logi ya kumi, na mwaka 1928 wakakipa jina la desibeli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell.

Kumbukeni jambo moja tu kuhusu desibeli: ni uwiano. Haisemi kuna kiasi gani, inasema hiki ni mara ngapi ya kile. Upande wa volti, kuongeza desibeli 6 ni karibu mara mbili, na kuongeza desibeli 20 ni mara kumi kamili. Mtu akikuambia "sifuri desibeli", swali sahihi ni: sifuri ya nani? Tutarudi hapo, maana swali hilo ndilo linaloharibu rekodi za watu hadi leo.

Kabla ya hapo, nenda nami Januari 25, 1915. Siku hiyo laini ya simu ya kuvuka bara la Marekani ilizinduliwa rasmi, New York hadi San Francisco, Bell mwenyewe upande mmoja na msaidizi wake wa zamani Thomas Watson upande mwingine. Haikuwezekana bila amplifaya za vakyumu zilizowekwa njiani kukuza sauti upya. Na hapa watu wa simu waligundua sheria ambayo fundi wa kanisani anaivunja kila Jumapili. Ukiiacha sauti ififie mno kabla ya kuikuza, utakuza na kelele za waya pamoja nayo, na hakuna amplifaya ya mbele itakayozitenganisha tena. Ukiikuza kupita kiasi, amplifaya inashindwa, inakata vichwa vya mawimbi, na ule ukwaruzo nao hautoki tena. Kila kituo cha njiani kilikuwa na dirisha lake: juu yake kuna kukwaruza, chini yake kuna kuvuma. Kazi ya mhandisi ilikuwa kuiweka sauti ndani ya dirisha hilo mapema, kituo cha kwanza kabisa.

Kituo cha kwanza kwenye miksa ni kile kitufe cha juu kabisa cha kila njia, kilichoandikwa GAIN au TRIM. Tukiite geini. Kitelezi cha chini, ambacho mafundi hukiita feda, ni kituo cha mbali sana. Mtu anayeacha geini chini na kusukuma feda hadi mwisho amefanya kama kampuni ya simu inayongoja sauti ifike San Francisco ndipo iikuze. Mvumo anaousikia ni haki yake.

Kuna hadithi nyingine ya simu ambayo siwezi kuiruka. Amplifaya nyingi zikifuatana zilikuwa zinalimbikiza ukwaruzo, na Harold Black wa Bell Labs alihangaika na jambo hilo kwa miaka. Asubuhi ya Agosti 2, 1927, akiwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini, jibu likamjia, na akalichora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo: rudisha sehemu ya sauti inayotoka, kinyume chake, kwenye mlango wa kuingilia. Unapoteza nguvu lakini amplifaya inatulia na kuwa safi. Wazo lilionekana la kipuuzi kiasi kwamba hataza yake ilichukua hadi 1937. Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kwenye miksa nyingi za leo, ukizungusha kitufe cha geini unabadilisha hasa kiasi hicho kinachorudishwa. Mchoro wa feri upo chini ya kidole chako.

Haya, sifuri. Miaka ya 1930 redio za Marekani zilikuwa zinarusha vipindi kutoka mji hadi mji kwa laini za simu za kukodi, na kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha sauti. Mtu wa New York akisema kiwango ni sawa, mtu wa Chicago anaona sindano yake imegonga mwisho. Bell Labs, CBS na NBC walikaa pamoja na mwezi wa Mei 1939 wakaanza kutumia kipimo kimoja, kile cha sindano kinachojulikana kama VU, chenye ubao wa rangi ya malai. Hata rangi hiyo ilichaguliwa ili isichoshe macho ya mtu anayeitazama zamu nzima.

Mantiki yake ya namba ni hii. Laini za simu zilihesabiwa kuwa na ukinzani wa omu 600, na kiwango cha rejea kilikuwa miliwati moja. Kokotoa mwenyewe: miliwati 1 ndani ya omu 600 inatoa volti 0.775. Hiyo ndiyo sifuri ambayo vifaa vya leo bado vinaitumia, ingawa hakuna miksa ya kawaida inayojali tena omu 600. Lakini kipimo cha sindano kilipounganishwa moja kwa moja kwenye laini kiliweza kuichafua sauti, basi wakakitanguliza kwa rezista ya omu 3,600, na rezista hiyo ikakipunguzia desibeli 4. Kwa hiyo sindano ikisoma sifuri, laini kwa kweli ina +4, yaani volti 1.23. Leo ukinunua kifaa cha studio na kijitabu kikasema kinafanya kazi kwa +4, umekutana na ile rezista ya 1939. Sisi waandishi wa programu tunajua hisia hiyo: mtu aliongeza mstari mmoja wa dharura na sasa dunia nzima inautegemea.

Jambo la pili kuhusu sindano hiyo ni muhimu zaidi kuliko namba zake. Ilitengenezwa iwe mzito kwa makusudi. Inachukua milisekunde 300 kufika mahali pake, ili isomeke karibu na jinsi sikio linavyohisi ukubwa wa sauti. Ngoma ikigongwa, pigo lenyewe limekuja na kuondoka kabla sindano haijaamka. Vilele vya kweli vya muziki hupita kile sindano inachoonyesha kwa desibeli 10 na zaidi, na wahandisi walijua hivyo. Waliacha nafasi tupu juu ya sifuri kwa ajili ya vilele hivyo. Eneo jekundu la sindano, kuanzia 0 hadi +3, halikuwa ukuta. Lilikuwa kama mtu anayekuambia "sasa tosha", na nyuma yake bado kulikuwa na uwanja mpana. Waingereza wa BBC hawakukubaliana na falsafa hiyo; kipimo chao cha miaka hiyo hiyo kilikuwa cha haraka, chenye namba nyeupe 1 hadi 7 juu ya ubao mweusi, na kilifuata vilele. Mimi naona Waingereza walikuwa sahihi, lakini Wamarekani ndio waliouza vifaa vingi zaidi.

Kwa hiyo kizazi kizima cha mafundi kilifundishwa kuacha sindano iguse nyekundu. Tena kwenye tepu ya sumaku lilikuwa shauri zuri! Tepu ina mvumo wake wa kudumu, kwa hiyo ulitaka sauti iwe juu ya mvumo huo, na ukipita kiasi tepu hailipuki, inabana sauti polepole, wengine wanasema inaipendezesha. Shauri hilo likasambaa mdomo kwa mdomo. Shikilieni hapo kidogo.

Tumezungumza laini za simu na redio, lakini miksa yenu haina laini za simu. Ina maikrofoni na magitaa, na kila kimoja kimekuja na desturi za kwao.

Maikrofoni kwanza. Chukua Shure SM58, ile ya kichwa cha wavu iliyotoka mwaka 1966 na ambayo nakala zake ziko kila mahali. Mbele ya sauti ya desibeli 94, ambayo ni mtu anayeimba kwa nguvu kidogo karibu nayo, inatoa kama milivolti 1.85. Linganisha na volti 1.23 ya studio: tofauti ni zaidi ya mara 600, au desibeli 56. Pengo hilo lote ni kazi ya kile kitufe cha geini, na ndiyo maana mzunguko wake ni mrefu hivyo. Sauti dogo namna hii ingemezwa na kelele za nyaya za umeme ukumbini kama isingekuwa kebo ya nyaya mbili zilizosokotwa, ambayo (mmeshakisia) ni wazo la simu: Bell aliipatia hataza mwaka 1881. Kelele inaingia sawa kwenye nyaya zote mbili, na upande wa pili mmoja unatolewa kwa mwingine, kelele inajifuta. Plagi yake ya pini tatu, XLR, ilitoka kwa kampuni ya Cannon ya Los Angeles, na bado kuna mafundi wanaoiita Cannon tu.

Kwenye miksa utaona pia kitufe cha volti 48 kwa ajili ya maikrofoni za kondensa. Kwa nini 48? Kwa kuwa laini za simu pia hutumia volti 48 ungedhani ni wao tena, lakini safari hii hapana. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Berlin ilikuwa inawatengenezea redio ya taifa ya Norwei, NRK, maikrofoni mpya za transista zinazopata umeme kupitia kebo ile ile ya sauti. Kule Norwei majira ya baridi yana giza refu, na studio zao zilikuwa na mfumo wa taa za akiba wa volti 48. Neumann wakasema basi tutumie huo huo. KM 84 ikazaliwa hivyo, na leo miksa iliyoko Nakuru inatoa volti 48 kwa sababu ya giza la Oslo. Ushauri mmoja tu hapa: shusha feda kabla hujabonyeza kitufe hicho, spika zako zitakushukuru.

Gitaa la umeme ndilo lililosumbua zaidi. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walianza kuuza gitaa lao la kwanza la umeme mwaka 1932 kule Los Angeles, lile lililofanana na kikaango. Ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Koili kama hiyo inatoa volti za kutosha, mara mia ya maikrofoni wakati mwingine, lakini ni dhaifu: haina nguvu ya kusukuma mzigo. Iliundwa izungumze na mlango wa amplifaya ya vakyumu wenye ukinzani wa takriban omu milioni 1. Mlango wa kawaida wa laini kwenye miksa una kama omu 10,000. Ukichomeka gitaa hapo, plagi inaingia vizuri kabisa (jeki haina aina, kumbukeni), sauti inatoka, lakini imekufa. Ule mng'ao wa juu umepotea, kama gitaa limefunikwa blanketi. Watu wengi hapo hukimbilia vitufe vya kurekebisha toni, wanaongeza sauti za juu, wanaongeza na mvumo. Hakuna toni ya kuongeza. Imeshaliwa kwenye waya. Na anayefunga kile kidude cha piezo kwenye nyatiti atakutana na ndugu wa tatizo hilo, ila yeye kinachopotea ni besi na sauti inabaki nyembamba kama ya bati.

Kwa miaka mingi jibu la studio lilikuwa kuweka maikrofoni mbele ya spika ya gitaa. Lakini pale Detroit, kwenye nyumba ya barabara ya West Grand ambamo Motown ilirekodi miaka ya 1960, chumba kilikuwa kidogo na wanamuziki wengi. Spika tatu za gitaa na moja ya besi zikipiga pamoja, zingeingia kwenye kila maikrofoni nyingine. Wakaanza kuchomeka moja kwa moja kwenye meza. Mhandisi Ed Wolfrum wa mji huo anajulikana kwa visanduku vya transfoma alivyotengeneza kwa kazi hiyo, na besi ya James Jamerson unayoisikia kwenye nyimbo nyingi za Motown ilipita waya bila maikrofoni. London nako, studio za EMI za Abbey Road, fundi Ken Townsend alikuwa na kisanduku chake, na besi ya Paul McCartney ikapitishwa humo wakati wa kurekodi Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band mwaka 1967.

Kisanduku hicho ndicho tunachokiita leo DI. Ndani yake mara nyingi hakuna kitu zaidi ya transfoma ya uwiano wa kama 12 kwa 1. Inapunguza volti mara 12, lakini ukinzani inaubadilisha kwa mraba wa 12, yaani mara 144. Gitaa linaona mlango mkubwa linaoupenda. Miksa inaona kitu kinachofanana na maikrofoni, chenye nyaya mbili, kinachoweza kusafiri mita nyingi bila kuokota kelele. Kwa maneno mengine, DI ni mkalimani kati ya kabila la gitaa na kabila la simu. Ukiona miksa ndogo ina kitufe kilichoandikwa Hi-Z, ujue wameweka mkalimani huyo ndani. Kama huna DI wala Hi-Z, pedali yenye betri itasaidia, mradi iwe na saketi ya bafa inayofanya kazi hata ikiwa imezimwa. Si zote zinayo.

Kabila la mwisho ni la vifaa vya nyumbani: redio, CD, simu, kompyuta. Hao sifuri yao ni volti 1 kamili na kawaida yao ni desibeli 10 chini yake, volti 0.316. TEAC walipotoa Portastudio 144 mwaka 1979, mashine ya kaseti ya njia nne ambayo mtu angeweza kuiweka mezani nyumbani, kiwango hicho kikaingia kwenye muziki wa kweli. Bruce Springsteen alirekodi albamu ya Nebraska ya 1982 kwa mashine hiyo. Kati ya desturi ya nyumbani na ile ya studio kuna tofauti ya karibu desibeli 12, mara nne. Ndiyo maana laptopu yako kwenye miksa inasikika ndogo na kinanda cha bei kali kinasikika kikubwa, wote wakiwa "sifuri".

Basi unaona geini inafanya nini. Inawaleta watu wa sifuri tofauti kwenye sifuri moja. Mwaka 1989 kampuni ya Mackie ya jimbo la Washington ilitoa LM-1602, kisha ikafuata CR-1604, miksa ndogo ambazo bendi ya kawaida iliweza kuzinunua, na vijitabu vyake vilivyoandikwa kwa mzaha mwingi viliwafundisha watu wasiokuwa wahandisi utaratibu wa kale wa studio. Shusha feda. Shusha geini. Chomeka. Bonyeza kitufe cha kusikiliza njia hiyo peke yake ili kipimo kionyeshe njia hiyo tu. Mwambie mwanamuziki apige, na apige kwa nguvu atakayopiga watu wakishajaa, maana kila mwanamuziki hujaribu kwa upole halafu ibada ikipamba moto anapiga mara mbili. Pandisha geini hadi kipimo kicheze karibu na sifuri. Kisha geini usiiguse tena, ukachanganye kwa feda. Inachukua dakika moja kwa kila njia, na nimeshangaa mara nyingi jinsi watu walivyo tayari kupoteza saa mbili kuikwepa dakika hiyo.

Sasa turudi kwa ile nyekundu. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, sauti ikawa namba. Biti 16 zinatoa hatua 65,536, na namba kubwa kabisa ni 32,767. Hakuna 32,768. Kwenye programu, ukiongeza moja hapo namba inageuka kuwa hasi. Vibadilishi vya sauti angalau vina adabu, vinabaki pale pale juu, na wimbi linakatwa kichwa tambarare kama kwa panga. Watu wa dijitali wakahamisha sifuri. Sifuri yao wakaiweka kwenye dari, namba ya mwisho kabisa, na kila kitu kingine kiko chini yake kwa hasi. Sindano ya 1939 iliweka sifuri katikati ya nyumba. Rangi zikabaki zile zile, neno likabaki lile lile, maana ikageuka kabisa.

Waliotoka kwenye tepu wakaja na desturi yao. Mwaka 1992 mashine za ADAT za Alesis zikawaleta watu wengi kwenye dijitali ya biti 16, na hapo shauri la kusukuma sauti juu lilikuwa na nusu ya ukweli, kwa sababu biti 16 zina desibeli 96 tu na ukirekodi chini sana unazitupa. Biti 24 zilipozoeleka, hata nusu hiyo ikaondoka: kwa hesabu ni desibeli 144, zaidi ya uwezo wa amplifaya yoyote ya maikrofoni. Watangazaji wa Ulaya waliweka kiwango cha kawaida cha kazi kwenye -18 chini ya dari, Wamarekani -20. Nafasi ile tupu juu ni ile ile waliyoiacha wahandisi wa VU. Imeandikwa kwa namba nyingine tu. Kwenye meza ya dijitali, kwa mfano Behringer X32 ya mwaka 2012 na jamaa zake waliojaa kumbi nyingi, geini ikikaa ili sauti icheze karibu na -18 na vilele visipite -6 hivi, umemaliza. Anayesukuma hadi nyekundu kwa sababu mwalimu wake alifundishwa hivyo kwenye tepu anakata vichwa vya kwaya nzima, na hakuna programu itakayovirudisha vilivyo.

Mwaka 2019 zilitoka rekoda ndogo kama Zoom F6 na Sound Devices MixPre-3 II zinazorekodi kwa biti 32 za nukta inayoelea, ambazo dari yake iko mbali kiasi kwamba kwenye F6 unaweza kurekodi bila kuhangaika na geini kabisa na kuirekebisha sauti baadaye kwenye kompyuta. Wapo waliotangaza kwamba hadithi ya viwango imekwisha. Lakini dari iliyoondolewa ni ya namba tu. Maikrofoni iliyofunikwa na mdomo wa mtu anayepiga kelele bado inakwaruza yenyewe, transfoma ya DI bado inajaa, na betri ya gitaa ikiisha katikati ya wimbo, biti 32 zitarekodi ukwaruzo wake kwa uaminifu mkubwa.